Tabia Mbaya, Maslahi na Maneno Mengine ya Mahakamani

Mtoto wa miaka 9 akiulizwa mahakamani amefanyiwa nini, mara nyingi hujibu: "Alinifanyia tabia mbaya." Jibu hilo limejaa katika majalada ya Tanzania na Kenya hata wanasheria wamelizoea kama walivyozoea mihuri. Kwa mama mtu, aliyekaa benchi la nje amejishika tama, jibu limekamilika. Kwa sheria bado halijaanza. Kosa la kubaka linataka uthibitisho wa kuingiliwa, hata kama ni kwa kiasi kidogo kabisa, ilhali tabia mbaya ni pamoja na kudokoa sukari, kuchelewa dukani na kumjibu bibi jeuri.

Basi wakili wa serikali hurudia swali: tabia mbaya ndiyo nini? Hapo mtoto hunyamaza. Tumfikirie kidogo. Tangu aanze kusema amefundishwa kwamba majina ya viungo hivyo ni matusi. Akilitamka jina lenyewe mbele ya shangazi, kofi la mdomo linamhusu. Pwani kutaja na kutukana ni kitu kimoja. Hata tendo lenyewe, likifanywa mahali pasipostahili, huitwa kufanya matusi. Badala ya majina tumempa vijineno vya kukwepea: sehemu za siri, huku mbele, kikojoleo, dudu. Leo mtu mzima mwenye suti nyeusi anamtaka atukane mbele ya watu wazima, na miongoni mwao yumo yule aliyemfanyia, pengine baba yake mdogo. Mtoto mwenye adabu ataushindwa mtihani huu. Aliyekulia kwenye vijiwe ambako matusi ni salamu ataufaulu vizuri, kisha wakili wa utetezi atamuuliza maneno hayo ameyajulia wapi.

Kuna safari nyingine ambayo jibu lake husafiri bila yeye kujua. Mahakama za mwanzo za Tanzania huendesha mambo yake kwa Kiswahili, lakini makosa haya hayasikilizwi huko. Huanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, na huko kwa miongo mingi mtoto alisema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, huku anasikiliza. Tabia mbaya ikageuzwa, neno kwa neno, kuwa kitu ambacho Mwingereza angedhani ni kula bila kufunga mdomo. Miaka kadhaa baadaye majaji watatu wa rufani wanaketi na karatasi hiyo ya Kiingereza na kubishana na mawakili kama maneno yale yana maana ya kuingiliwa au hayana. Mtoto mwenyewe hayupo, na maneno yake nayo hayapo.

Kwa haki ya majaji, wameliona jambo hili. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekubali zaidi ya mara moja kwamba mashahidi wetu huona haya, kwamba mila haziruhusu kutaja mambo waziwazi, na kwamba mahakama haina budi kuisoma tafsida kama tafsida. Nako Kenya, Mahakama ya Rufani iliyoketi Malindi mwaka 2017 ilikusanya katika hukumu moja tafsida za namna hii kutoka kesi mbalimbali, "tabia mbaya" ikiwemo, na kuzipokea kama lugha ya kawaida ya watoto waliodhurika. Naona walifanya vyema. Ila mshtakiwa naye ana haki yake. Tabia mbaya ya mtoto inaweza kuwa ni kuingiliwa. Inaweza pia kuwa ni kushikwashikwa, na kwa sheria hilo ni kosa jingine lenye adhabu ndogo zaidi. Tofauti ya makosa hayo mawili, Tanzania Bara, inaweza kuwa ni miaka zaidi ya ishirini ya maisha ya mtu. Hakimu anayemjazia mtoto pengo la maneno anaweza kujaza ambalo halikutokea. Dawa ni mtu aliyefunzwa kuuliza, mwenye subira, na mwanasesere wa kuonyeshea, vitu ambavyo Dar es Salaam, kwenye Mahakama ya Watoto ya Kisutu, unaweza kuvitarajia. Wilaya ya mbali yenye hakimu mmoja na chumba kimoja haina.

Kabla hata ya kufika kwenye tabia mbaya, mtoto amepita mlango mwingine, nao pia ni wa neno. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamruhusu shahidi asiyezidi miaka 14 atoe ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Marekebisho yale yalikuja kwa nia njema. Zamani hakimu alipaswa kumhoji mtoto kwanza apime akili yake na kama anaelewa maana ya kiapo, na kesi nyingi zilianguka kwa sababu mahojiano hayo hayakuandikwa vizuri. Ikaletwa ahadi ili kurahisisha. Ahadi nayo ikawa na ukali wake. Mwaka 2019, katika rufaa iliyosikilizwa Bukoba, Mahakama ya Rufani ilieleza maswali mepesi ya kumuuliza mtoto: ana umri gani, ni wa dini gani na anaelewa nini kuhusu kiapo, na je, anaahidi kusema ukweli na si uongo? Majalada ambayo ahadi haikuandikwa yakaanza kupoteza ushahidi wa mtoto wote. Mawakili wakafika mbali zaidi: mtoto kasema "nitasema ukweli", hakuongeza "sitasema uongo", basi ahadi ni nusu. Mahakama ikalazimika kusema kwamba aahidiye ukweli ameshaahidi kutosema uongo. Mimi ninayependa maneno nilifurahi kuona hoja hiyo ikijibiwa, kisha nikawaza kuhusu watoto ambao wakati hoja hiyo inajengwa walikuwa wameshakuwa watu wazima.

Watu wa umri wangu neno ahadi tulikutana nalo shuleni, katika ahadi za mwanachama wa TANU, mojawapo ikiwa ni hiyo ya kusema kweli daima. Tuliikariri kwa sauti moja, tumenyoosha mikono, wala hakuna aliyetuuliza tumeelewa nini.

Sasa tutazame kosa lenyewe linaitwaje. Hapa Kiswahili cha nchi mbili kimeachana njia. Kenya, ambako Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inatenganisha ubakaji na kosa dhidi ya mtoto, magazeti na redio husema mtoto amenajisiwa, na kosa ni unajisi. Neno hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Mtoto wa chuoni huko Lamu au Kilifi anajua najisi ni nini kabla hajajua kuandika jina lake: ni mate ya mbwa, ni kinyesi, ni kitu ambacho kikigusa nguo huwezi kuswalia. Najisi ile nzito huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mtoto huyo akisikia redioni kwamba fulani wa mtaa wa pili amenajisiwa, anaelewa kabisa nani ambaye sasa ana uchafu. Aliyetenda hatajwi na neno hilo; limembakiza mtoto na doa.

Wala Kenya haiko peke yake. Zanzibar kesi hizi huitwa za udhalilishaji, na anayebaki dhalili ni aliyefanyiwa. Bara tuna "shambulio la aibu", na ukiuliza aibu ni ya nani, mtaa mzima utakuonyesha nyumba ya msichana. Kulawiti kunalibeba jina la watu wa Nabii Lut, na mvulana aliyelawitiwa anaingizwa katika kisa cha dhambi ambamo yeye hakuwa na sehemu. Kati ya maneno yetu yote ya kosa hili ni kubaka tu, pamoja na ugumu wake masikioni, ndilo linalomwelekea mtendaji. Ningekuwa na kura katika baraza lolote la istilahi ningeipigia "kumbaka mtoto", Nairobi na Unguja pia, na unajisi ningewaachia mafundi wa fiqhi.

Hata kubaka kuna mipaka yake. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania anayebaka ni mwanamume na anayebakwa ni msichana au mwanamke. Sarufi yetu inaiunga mkono sheria hiyo: mwanamume huoa, hutongoza, hutia mimba, mwanamke huolewa, hutongozwa, hutiwa. Kitenzi cha kutendwa tumempa yeye. Utafiti wa kitaifa wa 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto Tanzania ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na wavulana karibu 1 kati ya 7. Huyo mmoja kati ya saba, kama aliyemfanyia ni mwanamke, Kiswahili hakina hata neno la kuanzia sentensi yake. Mtaani wataliita bahati.

Upande wa pili wa sarufi hiyo ni mvulana anayependana na msichana wa rika lake. Kwa Kiswahili cha shuleni hao ni wapenzi. Kwa sheria mmoja ni mshtakiwa na mwenzake ni mhanga. Eldoret mwaka 2014 mvulana wa miaka 16 aliyeshtakiwa kwa uhusiano na msichana wa miaka 16 aliiomba Mahakama Kuu itamke kwamba kifungu kinachowageuza watoto wawili wakosaji ni kinyume cha Katiba ya Kenya, mahakama ikakataa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Homa Bay ikasema katika kesi ya namna hiyo kwamba kumkamata mvulana peke yake, na msichana wa rika lake akaachwa, ni ubaguzi. Tanzania, mvulana wa miaka 18 au chini akipatikana na hatia kwa mara ya kwanza adhabu yake ni viboko tu. Akiwa na miaka 19, na mpenziwe ana 17 na miezi kumi, anaingia kwenye kifungo kisichopungua miaka 30. Wazazi wa msichana wanaijua hesabu hiyo. Kesi nyingine hufunguliwa siku ile mahari iliposhindikana, na kuna hata neno lake: kubambikiwa.

Hesabu zote hizi zinasimama juu ya umri, na umri kwetu ni kitu cha kuonekana kwa macho kuliko cha kuandikwa. Kiswahili cha kale hakikuhesabu miaka. Kilihesabu hatua: kichanga, mtoto, kigori, mwali; kwa mwanamume, kijana, barobaro. Msichana wa Kizaramo akivunja ungo aliwekwa ndani, akafundwa, akachezwa, na siku ya kutoka hakuwa mtoto tena machoni pa mtu yeyote. Nadhani hilo tunalisahau tunapowalaumu wazee wa kijiji kwa kutojua sheria. Wana sheria yao, na ina istilahi nzuri zaidi kuliko yetu.

Jambo la kushangaza ni kwamba hata sheria ya maandishi iliwahi kuyaamini macho. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, inapotaja miaka 18 ya mwanamume na 15 ya mwanamke, inasema "umri unaoonekana". Sheria ya Ushahidi nayo inamtambua mtoto wa umri mdogo kwa umri wake unaoonekana. Waandishi wake walijua nchi yao: wakati huo vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vya wachache, na hata katika utafiti wa afya wa 2015–16 watoto wa chini ya miaka 5 waliosajiliwa walikuwa takribani robo tu. Lakini macho hayaangalii watoto wote kwa namna moja. Msichana aliyewahi kukua huambiwa "ana mwili", "kakomaa", na maneno hayo huingia naye hadi mahakamani. Malindi, mwaka 2016, Mahakama Kuu ilimwachia mwanamume aliyekuwa amefungwa miaka 20, jaji akieleza kwamba msichana, ambaye hakuwa amefika hata miaka 15, alijiendesha kama mtu mzima. Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa na za haki. Tusisahau tu kwamba jaji yule aliandika kwa lugha ya mahakama kile ambacho mitaa yetu husema kila jioni.

Mvulana naye macho humtendea vingine. Polisi wakikamata vijana kwenye msako, yule wa miaka 16 mwenye kidevu kilichoanza kuota huandikwa ana 18, naye kwa woga au kwa kutojua hakanushi. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilipokagua vizuizi vya Tanzania ilikuta watoto wamo ndani ya magereza ya watu wazima. Tarakimu moja kwenye hati ya mashtaka imetosha kumwondoa mtu utotoni. Na akibahatika kupelekwa panapomstahili, patakuwa na bango lisemalo Mahabusu ya Watoto. Neno mahabusu lina maana ya mfungwa anayesubiri kesi, na tumeliandika juu ya mlango wa nyumba ya watoto bila kuona tatizo. Shule ya maadilisho, kwa mfano ile ya Irambo, Mbeya, angalau jina lake lina maadili ndani yake, ingawa mtaani huitwa shule ya watukutu.

Kifungu cha 4 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Namba 21 ya 2009, kinasema mtu aliye chini ya miaka 18 "atajulikana kuwa mtoto". Nakipenda kitenzi hicho. Ni kama sheria yenyewe ilihisi kwamba kazi kubwa iko hapo, kwenye kujulikana. Maana Kiswahili kina njia nyingi za kumjua mtu wa miaka 14 kwa jina jingine. Nairobi ataitwa chokoraa, Goma maibobo, Dar es Salaam mtoto wa mitaani, na akishaitwa hivyo sheria inayomfikia ya kwanza ni ile ya uzururaji. Kwa upande mwingine neno mtoto lenyewe tumelitoa kwa watu wasiolihitaji: mwanamke wa miaka 28 aliyependeza ndiye "mtoto mkali" wa kila wimbo wa harusi, na mzee wa miaka 50 ni mtoto wa mjini.

Jina linaloficha kuliko yote ni la heshima kabisa, nalo ni dada. Msichana ametolewa Singida au Iringa akiwa na miaka 13, kaja mjini "kusomeshwa na shangazi", na wiki ya pili watoto wa nyumba ile wanamwita dada. Wageni nao humwita dada. Vijana wa mtaani wenye mdomo mchafu humwita beki tatu, na bora wao, maana angalau hao wanakiri kwamba yupo kazini. Sheria inasema umri wa chini wa kumwajiri mtoto ni miaka 14, na kwa kazi nyepesi tu. Lakini afisa ustawi wa jamii akigonga geti na kuuliza kama kuna mtoto anayefanya kazi humu, mama mwenye nyumba anajibu bila kudanganya kwamba hakuna, kuna dada tu. Udugu, ambao kwa karne nyingi umewalea yatima wetu bila karatasi wala mahakama, hapa umekuwa pazia.

Afisa huyo huyo, ambaye pengine ni mmoja kwa kata kadhaa na hana hata pikipiki, ana neno jingine mkononi: kutelekeza. Mama muuza vitumbua anayewafungia watoto ndani saa kumi alfajiri ili akawahi wateja ametelekeza. Wazazi wenye magari mawili wanaowaona watoto wao Jumapili wana shughuli nyingi. Mtu akitaka kujua kama sheria ya mtoto inatumika kwa haki aanzie hapo, kwenye orodha ya waliowahi kuitwa watelekezaji, aangalie wanakaa mitaa gani. Kwa upande mwingine kina mama wa Dar es Salaam wamelichukua neno la ofisi hiyo wakalifanya silaha. "Nitakupeleka Ustawi" ni tishio linaloeleweka hadi Mbagala mwisho, na baba aliyekuwa haonekani hutoa pesa ya matumizi kabla barua haijaandikwa. Hiyo ni sheria iliyotekelezwa bila faili.

Ofisi hizo zote, kuanzia kijiji hadi Mahakama ya Rufani, zimeagizwa kuongozwa na kitu kimoja: maslahi bora ya mtoto. Istilahi hii haijakaa vizuri. Mwalimu wa Tanzania akisikia maslahi anafikiria mshahara, posho na madaraja. Chama chake kimedai maslahi bora kwa miaka mingi. Ukimwambia kwenye semina kwamba aangalie maslahi bora ya mtoto anaitikia kwa kichwa, na ndani ya moyo anajiuliza ya kwake yatakuja lini. Manufaa lingefaa zaidi, au heri, ambalo tunalitumia kwenye kila salamu ya Idi na Krismasi lakini hatujathubutu kuliingiza kwenye sheria.

Neno maslahi lina ndugu yake kule Garissa, Wajir na Mandera. Huko wazee wakikaa kumaliza shauri, likiwamo la msichana aliyebakwa, kikao hicho huitwa maslaha. Wanawake na wanasheria wa Kenya wamepambana nacho kwa miaka: familia mbili zinakubaliana, ngamia wanahama boma, kesi ya polisi inakosa mashahidi. Katika maandishi ya Kiingereza maslaha ni tatizo na maslahi bora ni suluhisho, kama kwamba ni vitu kutoka sayari mbili. Sikio la Mswahili linasikia mzizi mmoja wa Kiarabu uliotupa pia suluhu, sulhu na usuluhishi: kuweka jambo sawa, kutengeneza. Wazee wa Mandera hawadhani wanafanya uovu. Wanatengeneza. Kilichoharibika, kwa macho yao, ni uhusiano wa koo mbili ambazo kesho zitakutana kwenye kisima kimoja, na hicho ndicho wanachokirekebisha kwa ngamia. Msichana hayumo kwenye hesabu kama mwenye shauri. Yumo kama kitu kilichovunjika.

Bara kwetu hatuna neno zuri hivyo. Tunasema kuyamaliza nyumbani. Mjumbe anaitwa, wazee wanaitwa, mwenye kosa anaomba radhi, ng'ombe wawili au laki tano zinatajwa, na karatasi inaandikwa kwa mkono na kuwekwa dole gumba. Wanaharakati huliita jambo hili ujinga na rushwa, na rushwa wakati mwingine imo. Ila mtu akae upande wa mama huyo. Atakwenda kituoni kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, atapanda basi hadi hospitali ya wilaya, atarudi, kesi itatajwa, itaahirishwa, itatajwa tena, shahidi daktari amehamishwa, nauli kila safari ni yake, na mtuhumiwa ndiye shemeji anayelipa kodi ya nyumba. Mahakama ikimfunga miaka 30, serikali haitamletea mama huyo unga. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye habari ya mtoto kuonewa atoe taarifa kwa serikali yake ya mtaa, na namba ya simu ya kutolea taarifa hizo, 116, hupigwa bure. Kupiga ni rahisi. Mwezi wa nane wa kesi, hapo ndipo wengi huyamaliza.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliamua kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na lugha ya mahakama, na kazi ya kuzigeuza sheria za nchi ikaanza. Wenzangu wa kamusi wameifurahia kwa sababu za uzalendo. Mimi naifurahia kwa sababu ya udadisi, kwani kuna vifungu ambavyo vimekaa vizuri muda mrefu kwa kuwa tu wengi hawakuvisoma. Kimojawapo ni kifungu cha 130(2)(e) cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyoandikwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998. Mstari wake wa mwanzo ni mkali: ni kubaka, awe ameridhia au hakuridhia, kama yuko chini ya miaka 18. Kisha inakuja "isipokuwa": isipokuwa mwanamke huyo ni mke wake, mwenye miaka 15 au zaidi, na hawajatengana. Ndani ya sentensi moja msichana aliye chini ya miaka 18 amegeuka mwanamke, na kabla ya nukta ameshakuwa mke. Mfasiri hana pa kukwepea. Akiandika "mwanamke", msomaji wa Newala atauliza mwanamke gani wa miaka 15. Akiandika "mtoto", atakuwa ameandika kwamba sheria ya nchi inamtambua mtoto kuwa mke wa mtu.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi aliipeleka Sheria ya Ndoa Mahakama Kuu, na Julai 2016 vifungu vya 13 na 17 vikatamkwa kuwa kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo na kubakiza agizo kwamba sheria irekebishwe ndani ya mwaka mmoja, ili umri wa kuoa na kuolewa uwe miaka 18. Mwaka huo uliisha Oktoba 2020, na sheria ilikuwa bado inasema 15.